Bundi wa Madoa, Bundi wa Milia

Wakata miti walimkuta asubuhi, saa moja na dakika chache, chini ya mti mkubwa kuliko yote upande ule wa msitu. Ngazi ilikuwa imelala kando yake na kofia yake imenasa kwenye kichaka. Walipiga simu polisi, wakakaa mbali kidogo, na hakuna aliyethubutu kuwasha msumeno. Inspekta alipofika, neno lake la kwanza lilikuwa, "Pole, mwanangu," na alikuwa akimwambia maiti. Koplo wake hakushangaa. Kazini walimwita mama huyo Inspekta Pole, kwa sababu alikuwa akiwapa pole waliofiwa, walioibiwa, na hata wale aliowafunga pingu.

Marehemu alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mtafiti wa ndege katika makumbusho ya mjini. Shingo ilikuwa imevunjika. Begani alikuwa na alama ya mkanda, wa kitu kizito kilichobebwa mwendo mrefu, lakini kitu chenyewe hakikuonekana.

"Kamera," alisema koplo.

"Au darubini. Usinikimbize."

Inspekta alichuchumaa akaitazama ngazi. Kipago cha juu kilikuwa kimekatika, na mbao yake ilikuwa imeoza kwa ndani. Hapakuwa na alama ya msumeno wala ya kisu. Kisha akainua macho. Juu kabisa, mahali ngazi ilipokuwa imeegemezwa, palikuwa na tundu la mviringo kwenye shina, na chini ya tundu hilo msalaba wa rangi nyekundu.

"Huo msalaba ni nini?"

"Ni mti wa kukatwa, mama," alijibu mmoja wa wakata miti. "Bosi mkandarasi anapaka mwenyewe, anapanda na ngazi yake. Barabara mpya inapita hapa."

"Leo amefika?"

Mkata miti aliwatazama wenzake kwanza. "Gari lake tulipishana nalo njiani. Sisi tunaingia, yeye anatoka."

Nyumbani kwa wazazi, nusu ya sebule ilikuwa ya cherehani. Mama wa marehemu alikuwa mshonaji wa nguo. Baba alikuwa fundi wa kazi isiyo ya kawaida: kule makumbusho aliwachuna ndege waliokufa, akawajaza pamba na kuwashona, wakae kwenye droo miaka na miaka. Wote wawili walikuwa watu wa sindano, na mtoto wao alikuwa huyo mmoja tu. Baba ndiye aliyempachika jina la Kibundi akiwa mchanga, kwa yale macho yake makubwa. Majirani waliguna kwamba hilo si jina la kumpa mtoto. Yeye akacheka, akaendelea kuliita, mpaka mtaa mzima ukawazoea kama Baba Kibundi na Mama Kibundi.

Kwenye cherehani palikuwa na gauni la rangi ya machungwa, limekamilika isipokuwa pindo.

"La safari," alisema Mama Kibundi alipoona Inspekta analitazama. "Siku aliyopigiwa simu kwamba amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, nilitoka mbio mpaka dukani. Kilikuwa kipande cha mwisho kwenye jora. Nikamwambia, vaa hili, huko kwenye ukungu wao watakuona toka mbali." Aligusa pindo. "Halafu nafasi wakamfutia."

"Kwa nini?"

"Walisema amedanganya. Alisema msitu ule una bundi ambaye hatakiwi kuwepo. Kama yupo, barabara haipiti. Walipofungua kisanduku mbele ya watu, ndani mlikuwa na bundi mwingine, wa kawaida tu."

Baba Kibundi alikuwa ameketi kwenye kigoda, akiokota nyuzi gotini mwake moja moja. "Nilimwambia asiende," alisema.

"Msituni?"

"Popote."

Mama Kibundi alimshika Inspekta mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. "Afande, mwanangu ameondoka anaitwa mwongo, tena makumbusho, mahali alipokulia, chini ya meza ya baba yake. Sijui kama amesukumwa au ameanguka. Wewe utajua. Lakini nitafutie hilo. Nataka nimzike akiwa na jina lake."

Inspekta aliahidi, na alipofika nje alijilaumu kwa kuahidi.

Mkuu wa kitengo cha ndege, ambaye wote walimwita Daktari, alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine ameisahau kichwani. Aliwapokea katika chumba cha droo, akafungua mbili, akaweka mezani bundi wawili wadogo, kila mmoja anatosha kiganjani. Walikuwa wamelala chali, miguu imefungwa pamoja.

"Ni ndugu, lakini si pacha," alisema. "Huyu ni wa madoa. Mwangalie kichwani na mgongoni, kama mtu aliyenyunyiziwa sukari. Mkia mrefu, nao una madoa. Na sasa mgeuze."

Inspekta alimgeuza, akashtuka kidogo. Kisogoni mwa ndege palikuwa na mabaka mawili meusi, yamezungukwa na weupe, yakimtazama.

"Macho ya uongo," Daktari akasema. "Adui akija kwa nyuma, anadhani ameonekana."

"Na mimi ningetaka hayo," koplo alinong'ona. "Mke wangu anayo."

"Huyu wa pili ni wa milia. Mnene kidogo, kichwa cha duara. Kichwani na kifuani hana madoa, ana mistari myembamba ya kukata. Kisogoni hana kitu. Wa madoa anaishi popote penye miti michache, hata kando ya barabara. Wa milia anataka miti mikubwa ya zamani, yenye kivuli kizito na matundu. Ukimkuta, ujue msitu bado mzima."

"Na Kibundi alimkuta."

"Alisema alimwokota amekufa, karibu miezi mitatu iliyopita. Alimchuna na kumshona mwenyewe, akamweka kwenye kisanduku, droo ikafungwa. Mimi nilikuwa safarini. Nilirudi siku ile ile ya kikao cha barabara."

"Hakumpiga picha?"

"Alipiga. Lakini picha ya ndege aliyelala mezani haisemi ametoka wapi. Tulitaka ndege mwenyewe." Daktari alimweka wa madoa katikati ya meza. "Tulipofungua, tulimkuta huyu, na lebo ya Kibundi mguuni."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Huyu si ndege wangu.' Akarudia kwa sauti. Mkandarasi akaanza kucheka. Kisha Kibundi akamwinua, akampapasa koo kwa kidole gumba, hivi. Akanyamaza. Akainua macho akatazama mlangoni, akamrudisha kwenye kisanduku. 'Samahanini,' akasema, akatoka. Tukajua amekiri."

"Mlijua au mlidhani?"

Daktari aligeuka, akasukuma droo moja ndani.

"Mlangoni alikuwepo nani?"

"Baba yake. Tulimwalika aje amwone mwanawe."

"Na funguo za droo anazo nani?"

"Mimi na baba yake, Fundi. Kibundi aliazima za baba yake. Lakini Fundi alimfundisha mtoto yule kushona ndege kabla hajajua kusoma. Kumbukumbu ya kwanza niliyonayo ya Kibundi ni miguu miwili midogo inayochungulia chini ya meza ya kazi."

"Basi tumebaki na wewe," alisema Inspekta. "Nasikia kitabu chako kinasema bundi wa milia hayupo msitu ule."

"Kinasema," Daktari akajibu, na uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. "Ukurasa mzima."

Karakana ya Fundi ilikuwa mwisho wa ujia. Baba Kibundi alikuwa amerudi kazini kabla hata mazishi hayajapangwa. Nyumbani panambana, alisema, na mikono inataka kazi. Alikuwa akimshona shore mdogo. Alizungusha pamba kwenye kijiti, akakiingiza ndani ya ngozi taratibu, kisha akatia vidole kwenye mfuko wa koti, akatoa chembechembe za kitambaa cha buluu, akazishindilia kooni mwa ndege.

"Hiyo si pamba," koplo alisema.

"Koo linataka kitu kizito kidogo, ndege aonekane kama amemeza mate. Mke wangu anajua. Kila anachokata, tonge moja ni langu." Kwa mara ya kwanza alikaribia kutabasamu. "Kibundi alikuwa hataki. Yeye pamba tupu, kama walivyomfundisha chuoni. Ananicheka: 'Baba, iko siku utamzika ndege na suruali ya mteja.'"

Alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Inspekta alimpa pole, akatoka haraka.

Mkandarasi aliwapokea kwenye kibanda cha mabati, mezani kumejaa ramani na vikombe vichafu. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Jioni aliyokufa msichana, alisema, yeye alikuwa kwenye kikao cha baraza mjini mpaka watu walipochoka, na waliomwona hawahesabiki. Hilo koplo alikuwa amekwisha kulihakikisha. Daktari wa hospitali naye alikuwa ameandika kwamba Kibundi alikufa jioni ile, kwa kuanguka, na mwilini hakuna alama ya mkono wa mtu.

"Basi mnanitafutia nini?"

"Asubuhi ulipita pale kabla ya vijana wako," alisema Inspekta. "Nadhani ulipita kukagua rangi yako. Nadhani ulimkuta."

"Sikumkuta mtu."

"Pole. Ni vigumu kusema." Akavuta kiti akakaa, akaweka mkoba wake magotini kama mtu anayesubiri basi. "Nitangoja."

Alingoja kweli. Mkandarasi alizungumzia bei ya lami, akazungumzia mvua, akazungumzia wanawe. Mwisho alipiga magoti mbele ya kabati la chuma akatoa kamera nzito yenye mkanda mweusi.

"Nilimkuta amekwisha kuwa baridi. Naapa kwa watoto wangu."

"Na ukamwacha chini."

"Nilijua vijana wanakuja."

"Kamera hukuiacha."

Inspekta aliiwasha. Picha ya mwisho ilionyesha tundu la mti, na kwenye ukingo wa tundu bundi mdogo wa duara, amemgeuzia mpiga picha mgongo. Kichwani alikuwa na mistari myembamba. Kisogo chake kilikuwa kitupu. Chini ya tundu, ukionekana wazi, ulikuwepo msalaba mwekundu wa mkandarasi.

"Alisema kweli," koplo alisema kwa sauti ndogo.

"Alisema kweli, na wewe bwana ulijua," Inspekta alimwambia mkandarasi. "Simama twende. Pole."

Jioni ile ile picha ilikuwa mezani kwa Daktari. Aliitazama muda mrefu, akavua miwani ya machoni, akaipapasa ya kichwani, akaketi.

"Nilimwambia mbele ya watu kwamba ananitia aibu," alisema. "Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

"Kama alisema kweli, basi ndege wake aliondolewa, na huyu wa madoa akawekwa mahali pake. Nani alifanya?"

"Unanishuku mimi."

"Tangu nilipokuja mara ya kwanza. Pole."

Daktari alifungua mtoto wa meza, akatoa mkasi mdogo, akampa Inspekta. "Kila mshonaji ana mkono wake. Mimi mkono wangu ni mbaya, kila mtu hapa anaujua, ndege wangu wanatoka kama soksi. Mfungue huyu. Kama ni kazi yangu, nifunge."

Inspekta alikata uzi wa tumboni. Mshono ulikuwa wa hatua fupi fupi, umenyooka vizuri. Ndani mlikuwa na kijiti na pamba nyeupe. Alivuta kijiti polepole, na upande wa juu, kooni, pamba ikaisha. Kikatoka kitonge cha chembechembe za kitambaa, kikaangukia kwenye karatasi nyeupe.

Zilikuwa za rangi ya machungwa.

"Hii rangi nimeiona wapi?" koplo akauliza, kisha akakumbuka, akaziba mdomo kwa mkono.

Inspekta alifumba macho. Alitamani mwenye kosa awe mkandarasi. Alitamani hata awe Daktari. Kitambaa kile kilinunuliwa Kibundi alipopata nafasi ya masomo, wakati ndege wake alishakaa kwenye droo kwa wiki nyingi. Kilikuwa kipande cha mwisho cha jora, na hakikukatwa popote ila kwenye cherehani moja. Mwenye kutia mabaki ya kitambaa kooni mwa ndege alikuwa mtu mmoja tu, na mwenye kulitambua koo hilo kwa kulipapasa tu na kidole gumba naye alikuwa mmoja, aliyekulia chini ya meza yake.

Walimkuta Mama Kibundi akipiga pasi lile gauni. Alisema ameamua atamzika nalo, na limebaki pindo. Mumewe alikuwa pale pale kwenye kigoda. Daktari alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mama Kibundi," alisema Inspekta, "mwanao hakudanganya. Picha tumeipata. Bundi wa milia yupo kwenye mti ule, na Daktari amekwisha kusimamisha kazi ya barabara mpaka kikao kirudiwe."

Mama alikaa juu ya meza ya kupigia pasi, akakumbuka, akasimama, akakaa kwenye kiti. Alilia kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akisema asante, asante, kama mtu aliyeletewa mtoto wake mzima. Inspekta alimwacha alie. Alikuwa anajua kinachofuata, na hakuwa na haraka nacho.

Kisha akafungua karatasi, akaiweka kando ya gauni.

Mama alifuta macho. Alichukua chembe moja, akailinganisha na pindo kwa mazoea tu ya kazi. "Umekipata wapi?"

"Kooni mwa bundi aliyewekwa mahali pa ndege wa Kibundi."

Mama aliirudisha chembe kwenye karatasi. Hakumwangalia Inspekta tena. Alimgeukia mumewe.

"Baba Kibundi?"

Alikuwa ameacha kuokota nyuzi. "Kulikuwa na wa madoa kwenye friji, aliyegongwa na gari," alisema. Alizungumza akitazama sakafu. "Nilimshona siku mbili kabla ya kikao. Nikahamisha lebo. Nilipofika kooni, nikatia mkono mfukoni. Hata sikutazama. Mkono unakwenda wenyewe."

"Kwa nini?" Daktari aliuliza. "Ulijivuna naye kuliko sisi sote!"

"Nilidhani watasema amekosea. Kila mtu anakosea hao ndege wawili, hata wasomi. Watamwambia rudia, ukae mwaka mmoja zaidi. Mwaka mmoja tu. Sikujua watamwita mwongo."

"Ulikuwa mlangoni walipomwita," Inspekta alisema.

"Nilikuwa mlangoni." Sasa machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, naye hayafuti. "Alipapasa koo la ndege, akanitazama. Ningesema pale pale, yangekwisha pale pale. Mdomo haukufunguka."

"Alijua," mama akasema. "Alijua ni wewe, akasema samahani yeye."

"Nilijidanganya kwamba hajui. Asubuhi yake aliniletea chai karakana, kama siku zote. Akaniambia, 'Baba, usiwe na wasiwasi, nitapata mwingine.' Akaniomba ngazi."

Hakuna aliyeuliza ngazi gani. Koplo alitazama dirishani.

"Ilikuwa ngazi yangu ya zamani," Fundi akaendelea, ingawa hakuna aliyemtaka aendelee. "Nilimwambia asiende. Sikumwambia kwa nini hana haja ya kwenda."

Akatia mkono ndani ya koti, si kwenye ule mfuko wa mabaki, bali upande wa moyoni. Akatoa kitu kilichofungwa kwa pamba, akakifungua juu ya meza ya cherehani. Alikuwa bundi mdogo wa duara, kichwa na kifua vimechorwa mistari myembamba, mshono wake hauonekani hata ukiinama.

"Sikuweza kumchoma," alisema. "Alimshona vizuri kuliko mimi."

Daktari alimpokea kwa mikono miwili. Alisema atamrudisha kwenye droo, na atafunga lebo mpya yenye jina kamili la msichana, na atalisoma mbele ya watu wale wale. Mama Kibundi alitikisa kichwa kukubali, bila kumwondolea mumewe macho.

"Ulikuwa unaniona nashona," alimwambia. "Kila jioni ulikuwa umekaa hapo unaniona nampima mabega, tunacheka. Ulikuwa unataka nini, Baba Kibundi?"

"Nilitaka abaki."

Mama alilivuta gauni kwake, akatafuta mahali alipoishia kwenye pindo, akachoma sindano.

"Amebaki," alisema.

Koplo alitoa pingu akamtazama mkuu wake. Inspekta alimwendea mzee, akamshika kiwiko amsaidie kusimama, akafungua mdomo kumwambia lile neno lake la siku zote, na halikutoka.